Kushoto Shusha Nusu

Barua ya chuo ilifika Jumatatu asubuhi, na hadi saa sita mchana Mama Futi alikuwa ameisoma mara sita, kila mara akitumaini maneno ya chini yatakuwa yamebadilika. Maneno ya juu yalikuwa matamu. Yalisema binti yake amepata nafasi ya kusomea upimaji ardhi katika chuo cha serikali. Ya chini ndiyo yaliyomkausha mate. Yalisema mwombaji hakuambatanisha uthibitisho wa uraia wala wa ukazi, na asipouleta kabla ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa, nafasi yake atapewa anayefuata.

Akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha cherehani, akakanyaga. Mshono ukaenda kombo. Akafumua.

"Mama Futi," alisema jirani yake wa kibarazani, fundi ambaye watu walimwita Suruali kwa sababu hakushona kitu kingine, "leo umefumua mara tatu. Hiyo nguo ni ya mteja au ya kujifunzia?"

"Ni macho tu."

"Macho! Wewe unayetunga uzi huku unaongea na watu? Haya, nyamaza. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akakanyaga tena. Miaka kumi na tano walikuwa wamekaa kwenye kibaraza kile, cherehani na cherehani, hatua mbili kati yao. Waliazimana mikasi na kugombania kivuli. Alimjua Suruali mpaka jino lililokuwa likimsumbua. Lakini hakuwahi kumwambia kwamba yeye si wa nchi hii.

Alikuja asubuhi moja ya mvua, mume mbele na mzigo kichwani, yeye nyuma na mtoto wa miaka minne mgongoni, wakikimbia mambo ambayo hata leo akiyakumbuka hushika kifua na kulitaja jina la Mungu. Hawakupita penye afisa na mhuri. Walipita katikati ya shamba la watu, matope hadi magotini. Mumewe alikuwa mwashi, akajenga nyumba za wengine mpaka ugonjwa ulipomlaza, na kabla Mungu hajamchukua aliwaachia sheria moja ya nyumbani: karatasi ndiyo kamba ya kumfungia mtu kama sisi. Usiweke jina lako popote. Kisichoandikwa hakina wa kukisoma.

Wakaifuata sheria ile kama amri. Kila mwisho wa mwaka mtoto alipoleta ripoti ya shule, baba aliisoma kwa sauti, akampa mkono kama anavyopewa mtu mzima, kisha ripoti ikaenda kuwashia mkaa wa pasi. Ya darasa la tatu, wa kwanza kati ya watoto thelathini na wanane, iliungua hivyo. Mtoto alilia siku nzima. Mwaka uliofuata hakulia. Aliishika ripoti yake mwenyewe kwa ncha ya vidole, akaitumbukiza ndani ya pasi, akafunga kifuniko.

Mtoto huyo sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na kibarazani hapo walimwita Profesa, maana tangu mdogo alikuwa akipepea pasi kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mwingine. Mara mbili alikuwa ameunguza kola za wateja kwa sababu ya hesabu. Alifika saa nane, jasho likimtiririka, ametoka chuoni kwa miguu.

Suruali alimuona wa kwanza. "Profesa! Mama anapima watu, wewe utapima ardhi. Nyumba moja imejaa futi, sasa nani atapika?"

"Wewe, mjomba. Si una nafasi?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akakaa kwenye kigoda karibu na mama yake, akasema kwa sauti ya chini ambayo watu wasio na karatasi huijua tangu utotoni.

"Mama, kuna kifungu. Karani wa dirishani pale chuoni amenisomea. Kijana aliyeingia shule ya hapa kabla hajatimiza miaka kumi, akasoma bila kukatika, anahesabiwa mkazi kwa ajili ya masomo. Hata kama wazazi hawana kibali. Hawaulizi wewe ulipita wapi. Wanauliza mimi nilikuwa wapi."

"Si ulikuwa shuleni?"

"Shule ya serikali imenipa barua. Inaanzia darasa la tano. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wanataka ya kabla ya hapo. Darasa la tatu nililoanzia, la nne. Ripoti yoyote, mama. Hata moja."

Wote wawili wakaitazama pasi. Ilikuwa imekaa juu ya kigae chake, mdomo wazi, mkaa ukiiva taratibu.

"Na usipoipeleka?"

"Nahesabiwa mgeni. Mgeni anatakiwa pasipoti. Pasipoti ya wapi, mama? Kule mimi sikumbuki hata mlango wa nyumba ulitazama upande gani."

Mama Futi alinyoosha mkono, akamsawazisha binti yake bega la blauzi. Mkono ulienda wenyewe, kwa mazoea. Profesa alizaliwa na bega la kushoto lililoshuka kidogo. Si kilema cha kumzuia chochote, na mama yake, aliyekuwa fundi, alilificha tangu nguo ya kwanza kwa kushonea pedi ndogo ya pamba upande huo, ndani kabisa, pasipoonekana. Nayo ilikuwa sheria ya baba. Mtu mwenye alama hasahauliki, na sisi tunataka kusahauliwa.

Sasa walikuwa wamesahauliwa vizuri mno.

*

Jumanne alifunga cherehani mapema, akaenda kumtafuta Mwalimu Kengele.

Shule ile ya darasa la tatu na la nne ilikuwa vyumba vinne vya mabati juu ya kiwanja cha kukodi, na mwalimu mkuu wake ndiye aliyepiga kengele, akafundisha hesabu, akafagia. Mwenye kiwanja alipokitaka kiwanja chake, shule ikafa kama taa iliyopulizwa. Mzee sasa aliishi kwa mwanawe, chumba cha nyuma ya duka la misumari. Mke wa mwanawe alimwelekeza mgeni, akarudi dukani.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu! Ongea kwa nguvu, hili sikio limestaafu kabla yangu."

Hilo lilimtia hofu zaidi. Neno alilolificha miaka kumi na tano, leo alitakiwa kulipaza sauti, na ukutani upande wa pili watu wananunua misumari. Akasogeza kiti mpaka magoti yakagusana na ya mzee. Alimweleza yote, kuanzia mvua, shamba, mpaka pasi. Alipofika kwenye ripoti zilizoungua sauti yake ilikatika, akamalizia kwa mikono.

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nilijua."

"Ulijua nini, mwalimu?"

"Kwamba si wa hapa. Wiki ya kwanza tu. Mtoto alikuwa akiruka kamba na wenzake, akahesabu moja mpaka kumi kwa lugha yenu. Alipofika saba akanyamaza, akanitazama, akaanza upya kwa Kiswahili. Nikajifanya natafuta chaki." Akacheka bila sauti. "Sikuuliza. Mwalimu anapokea mtoto, hapokei mpaka wa nchi."

Mama Futi akaona machozi yanataka kumwaibisha. Akauliza haraka kuhusu rejista za shule.

"Zimekwenda. Walitutolea makabati nje, mvua ikanyesha siku mbili. Barua naweza kukuandikia sasa hivi, mkono bado unatii. Ila watakuambia barua ya leo si shahidi wa jana." Akafikiri, kidevu juu ya mkongojo. Kisha akaugonga mkongojo chini. "Lakini wewe mama, si ndiye uliyetushonea sare?"

"Ndiyo. Miaka miwili."

"Na ulinisumbua! Huachi nguo mpaka nisaini kwenye daftari lako la vipimo. Kila mtoto na upana wake. 'Saini hapa mwalimu, piga mhuri hapa mwalimu, kesho msije mkaniambia nimembana mtoto wa watu.' Nikasema huyu mwanamke angefaa kuwa hakimu. Lile daftari nalo ulilitia kwenye pasi?"

Mama Futi akasukuma kiti nyuma.

Hakulitia. Katika nyumba yao karatasi ilikuwa ni ripoti, barua, risiti ya hospitali. Daftari la vipimo halikuwa karatasi. Lilikuwa chombo cha kazi kama mkasi, na fundi hachomi mkasi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Kumbe na kikuokoacho chaweza kuwa humo humo.

*

Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda. Madaftari yalikuwa kumi na moja, yamefungwa kwa utepe wa kiunoni. Profesa aliyasoma majalada akiwa amepiga magoti, na mama yake alisimama nyuma akiwa amejifunga kanga mara mbili kama mtu anayesubiri mkunga.

"Hili hapa. Mama, hili hapa! Ona mhuri."

Mhuri ulikuwepo, wa zambarau, umefifia kidogo tu. Jina la shule, tarehe ya mwezi wa kwanza, saini ya Mwalimu Kengele iliyojiviringa kama mkia wa kinyonga. Ukurasa wa darasa la tatu, watoto thelathini na wanane, kila mmoja na jina lake, kifua, kiuno, mabega, urefu wa sketi au kaptula. Profesa akateremsha kidole. Alifika chini, akarudi juu. Akateremsha tena.

"Simo."

"Umo. Tazama wa kumi na tisa."

Kidole kikasimama. Mstari wa kumi na tisa haukuwa na jina. Uliandikwa hivi: *Wangu. Kifua 25. Kiuno 22. Sketi 18. Kush. sh. nusu.*

Profesa akafungua ukurasa wa darasa la nne. Wangu. Akatazama nyuma na mbele, madaftari mengine, nguo za sikukuu, gauni la msiba wa baba. Wangu, Wangu, Wangu.

"Mama," alisema hatimaye, bila hasira, na hapo ndipo palipouma, "hata humu ulinificha?"

Jumatano Profesa alilipeleka daftari dirishani peke yake. Karani aliligeuza, akaligeuza, akaita mwenzake. Wakasema si jambo la dirishani. Aliyeandika daftari lazima aje mwenyewe, aape mbele ya afisa, na afisa yupo Ijumaa tu.

"Aje nani?" Mama Futi aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Wewe, mama."

Alhamisi nzima hakula, wala hakuwa amenuia kufunga. Kibarazani Suruali alikuwa akikata karatasi ya gazeti kuwa ruwaza ya mfuko, akisoma vipande kabla ya kuvikata, kama alivyozoea.

"Sikilizeni hii. Eti wageni wamejaa vyuo vya serikali. Watoto wetu watasomea wapi, juu ya miti? Mtu anaingiza mguu mmoja, kesho anataka kiti chako." Mkasi ukasema kachu. "Mama Futi, si kweli?"

"Sijui, baba. Mimi ni mtu wa sindano."

"Ndiyo maana nakupenda. Huna siasa."

Akainama juu ya kitambaa. Gurudumu la cherehani lilizunguka, lakini sindano ilikuwa haina uzi, na alishona inchi nane kabla hajagundua. Jioni, kabla ya kufunga, alimpa Suruali ufunguo wa sanduku la nguo za wateja.

"Kesho nina safari ya ofisini. Nikichelewa, gauni la bluu ni la yule muuguzi, atalifuata saa kumi. Suruali mbili za shule zimo chini."

"Ukichelewa kwani unaenda kuolewa?"

"Shika ufunguo, Suruali."

Akaushika, akautia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

*

Ijumaa, kwenye geti la chuo palikuwa na askari, na mbele ya askari meza, na juu ya meza kitabu cha wageni. Jina. Unapotoka. Namba ya kitambulisho.

Mama Futi alikuwa akiyapita mageti kama haya upande wa pili wa barabara kwa miaka kumi na tano. Leo kalamu ilikuwa mkononi mwake, na nyuma yake watu kumi wanahema. Akaandika jina. Akaandika mtaa. Kwenye namba ya kitambulisho akainua kalamu.

"Mama, vipi? Umesahau namba?" askari akauliza.

"Sina hapa."

"Wote wanaviacha nyumbani siku wanayovihitaji. Piga mstari, pita."

Akapiga mstari. Yeye na Profesa wakaenda mpaka kwenye benchi. Walikaa hapo kuanzia saa nne. Ukuta ulikuwa na saa kubwa yenye mshale wa sekunde unaoruka na kusita, kama na wenyewe una wasiwasi. Aliendelea kusali kimoyomoyo, na kila mlango ulipofunguliwa sala ikakatika, akaianza upya. Waliitwa saa nane na dakika tano.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, sweta limetoboka kiwiko. Mama Futi aliliona tundu lile kabla hajauona uso. Fundi ni fundi. Karani wa dirishani alisimama pembeni na jalada.

Afisa alisoma barua ya Mwalimu Kengele, akaiweka kando. Akafungua daftari. Akavaa miwani.

"Mhuri ninauona. Tarehe ninaiona. Nionyeshe mtoto."

"Wa kumi na tisa."

"Wangu." Afisa akainua macho. "Wangu ndiye nani?"

"Ndiye huyu."

"Mama, kila mzazi ana wake. Hapa naweza kuambiwa Wangu ni mpwa wako, ni mtoto wa jirani, ni yeyote. Kwa nini wenzake wote wana majina na huyu hana?"

Profesa alitaka kujibu. Mama yake akamgusa goti.

"Niliogopa," alisema Mama Futi.

"Uliogopa daftari lako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Karani alikohoa. Afisa hakucheka. Alirudi kwenye mstari, akafuatisha kwa kalamu. "Na hii? Kush, sh, nusu. Watoto wengine hawana."

"Kushoto, shusha nusu inchi. Ni kwa ajili ya bega. Mtoto akiwa na bega moja limeshuka, ukimkatia nguo sawa, kola itakimbilia upande. Kwa hiyo fundi anaandika, asije akasahau."

Afisa akamtazama Profesa, bega na bega. Yalikuwa sawa kama rafu ya kabati. "Mbona huyu hajashuka?"

Ilikuwa saa nane na robo. Mama Futi aliuona mshale ukiruka na kusita. Jambo alilolifanya kwa ustadi kuliko yote maishani mwake, kazi safi ambayo hakuna mteja wala jirani aliyewahi kuishtukia, leo ndiyo iliyosimama mlangoni ikimzuia mwanawe.

"Naomba mkasi," alisema.

Karani alimpa ule wa mezani, butu, wa kukatia karatasi. Mama Futi akamgeuza binti yake, akaingiza vidole kwenye mshono wa bega la kushoto, akakata nyuzi moja moja. Akachomoa pedi, kipande cha pamba ukubwa wa kiganja cha mtoto, akaiweka juu ya jalada. Kitambaa kikakaa chini. Bega likaonekana.

Profesa aliinamisha uso. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kuliona. Kisha akainua kichwa, akasimama wima, bega lake likiwa vilevile Mungu alivyoliweka.

Mama Futi akavua futi shingoni. Alikuwa ametoka nayo nyumbani bila kujua. "Pima wewe mwenyewe, mama, usije ukasema nimevuta. Unaanzia hapa, usawa wa shingo, unateremka mpaka ncha ya bega. Kwanza kulia."

Afisa alipima. Inchi moja na nusu. Akapima kushoto. Akarudia kushoto, akaisogelea namba kwa miwani.

"Mbili," alisema.

"Tofauti ni nusu," alisema karani, kama mtu aliyeshinda kitu.

Afisa alifungua ukurasa wa darasa la nne, kisha madaftari mengine mawili waliyobeba. Kifua kiliongezeka, sketi ikarefuka, na kila mwaka mwishoni, nusu ile ile. Akakaa. Akavua miwani, ikaning'inia.

"Nakubali kwamba Wangu ni huyu," alisema. "Lakini daftari hili haliwezi kuingia kwenye faili peke yake. Mwenye daftari lazima aape kwa maandishi. Jina lake kamili, anapoishi, alikotoka, mwaka alioingia, na kama ana kibali." Alisogeza fomu, kisha akaiwekea mkono juu. "Nakuambia ukweli, mama, nisije nikakutega. Nakala moja inakwenda uhamiaji. Si mimi ninayepanga, ndivyo ilivyo. Wataisoma. Watakuita. Ukitaka, chukua daftari lako sasa hivi uondoke, na mimi sijakuona."

Saa nane na dakika thelathini na tano.

Profesa alikuwa tayari amesimama. "Mama, twende."

"Kaa."

"Twende, mama. Nitafanya kazi. Nitapiga pasi. Nitaomba tena mwakani, sijui wapi, lakini twende! Wakikuchukua mimi nabaki na nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Mama Futi alikuwa akiliuliza katika sala tangu Jumatatu, na mbingu zilikuwa hazijamjibu kwa maneno. Alimtazama binti yake, blauzi imening'inia upande, uzi mweupe umetokeza begani. Alikumbuka kidole kikishuka kwenye orodha, kikipanda, kikishuka. Simo.

"Mwanangu," alisema, "baba yako alituficha ili tuishi, na tumeishi. Mungu amlaze pema. Lakini nimekuficha mpaka nikakufuta. Kaa chini, niache nikuandike."

Akavuta kalamu. Aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi za shule ya msingi, moja moja, kubwa. Aliandika mtaa. Aliandika kule alikotoka, mji na kijiji, majina ambayo mkono wake haukuwa umeyaandika tangu ujana, akashangaa bado unayajua. Penye kibali akaandika: Sina. Kisha jina la binti yake, lote, na mbele yake: *ndiye aliyeandikwa Wangu.* Akaapa kwa kuinua mkono, na sauti haikukatika.

Mhuri wa afisa ulilia mara tatu. Mmoja juu ya fomu, mmoja juu ya barua ya chuo: mkazi kwa ajili ya masomo, amekubaliwa. Wa tatu ulikuwa juu ya karatasi ndogo ya njano, ambayo afisa aliiandika polepole kuliko zile nyingine.

"Hii ni yako, mama. Wito. Jumatatu ya tatu kuanzia leo, saa mbili asubuhi. Nenda. Asiyekwenda ndiye wanayemfuata." Akalisogeza daftari kwake. "Na nenda na madaftari yako yote. Miaka kumi na tano ya kazi si kitu kidogo."

"Mtu hakatai wito," Mama Futi alisema.

"Hukataa aitiwalo," afisa akamalizia, akamrudishia pedi yake ya pamba.

*

Suruali aliwaona tangu kona. "Muuguzi hajaja, ufunguo wako huu hapa, na uso huo sijui ni wa harusi au wa matanga. Vipi?"

"Nimepata," alisema Profesa, akaanza kulia pale pale, amesimama katikati ya njia.

"Sasa unalia nini? Hawa wasomi!" Suruali akaifungua pasi ya Mama Futi. "Ngoja niwawashie mkaa, hii kazi ya leo haijaguswa." Aliangaza macho akitafuta cha kuwashia, akaiona karatasi ya njano iliyokunjwa, ambayo Mama Futi alikuwa ameiweka pembeni mwa cherehani alipofika, akaichukua. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi.

Mama Futi alimdaka kifundo cha mkono.

"Hiyo siyo ya moto."

"Karatasi gani hii ya kunivunja mkono?"

Akamwambia. Alimwambia pale pale, amemshika, kwa sababu alijua akimwachia atanyamaza tena. "Suruali, mimi si wa nchi hii. Niliingia bila ruhusa, na sijawahi kuwa na karatasi. Hiyo ni ya kuniita uhamiaji."

Suruali alitazama ruwaza zake za gazeti ukutani, zimetundikwa kwa sindano. Uso ukamshuka. Alichukua muda mrefu kukirudisha kiberiti mfukoni.

"Mgeni siku mbili," alisema mwishowe, "ya tatu mpe jembe. Wewe umelima hapa miaka kumi na tano, na mkasi wangu unauazima kila siku. Mgeni gani huyo?" Akaipangusa ile karatasi kwenye paja lake, akaikunjua, akaisoma tarehe. "Jumatatu hiyo nitakusindikiza. Na usinibishie."

Hakumbishia. Aliiweka karatasi ndani ya daftari jipya la vipimo, akafungua ukurasa wa kwanza. Akachukua kalamu, akamwita binti yake asogee, maana chuoni huendi na blauzi iliyochanika. Juu kabisa aliandika jina la binti yake, lote. Kifua 34. Kiuno 27. Kushoto shusha nusu.

"Pedi usiweke, mama," alisema Profesa.

"Siweki."

Barabarani zilisikika buti, nzito, za mtu mwenye sare. Mguu wa Mama Futi ukasimama juu ya kanyagio, kama ulivyosimama miaka yote. Buti zikakaribia, zikapita, zikaenda zao. Siku kumi na saba zilikuwa zimebaki. Akalitaja jina la Mungu, akatunga uzi, akakanyaga.